Mama Trekta Asubuhi ya Mahafali

Mashine ya kukata nyasi ilipozimika mara ya saba, Mama Trekta alijikuta anacheka. Hakuwa na la kuchekea. Mvua ilikuwa imenyesha wiki nzima, nyasi za uwanja wa mpira wa chuo zilikuwa zinameza viatu, viti vya wahitimu vingeanza kupangwa saa sita, na saa tatu ilikuwa imeshapita. Lakini ndivyo alivyoumbwa. Akibanwa, kicheko humtoka chenyewe, kama mtu anayetekenywa.

"Cheka tu," alisema Fundi wa chuo, pande la mtu lililojaza mlango wa karakana. "Mwenzako amekukataa."

Mwenzake ndiyo hiyo mashine: nyekundu, ya kukaliwa kama trekta dogo, yenye visu viwili chini ya tumbo. Ukiiwasha inanguruma vizuri. Inakwenda mbele, inarudi nyuma, inakata kona kwa madaha. Ukisukuma tu mpini wa kuzungusha visu, puu! Kimya.

Mama Trekta alikuwa mwanamke wa kwanza kuikalia. Miaka minne alifyeka kando ya uzio kwa fyekeo la mkono, akiandika barua za kuomba afundishwe mashine, na mara tatu ofisi ilimjibu kwamba hiyo ni kazi ya wanaume. Kuinama juani tangu asubuhi mpaka jioni hakukuwa kazi ya wanaume. Kukaa kitini ndiko kulikuwa kazi ya wanaume! Barua ya nne aliipeleka mwenyewe, akasimama mlangoni mpaka ikasomwa.

Sasa mkuu wa ofisi, Bwana Utawala, alikuja akiruka madimbwi, tai imetupwa begani isirukiwe na matope.

"Mama, nakupa mpaka saa tano. Ukishindwa, mashine ataichukua Fundi, leo na siku zote. Wewe utarudi kwenye uzio."

"Saa tano nitakuwa nimefika golini, bosi," alijibu.

Wakaanza. Mama Trekta alichomoa waya wa plagi ili injini isije ikashtuka, akavaa glavu, akalala chali kwenye saruji na kuzungusha visu kwa mkono. Vilizunguka bila kukwama. Mkanda haukuwa umelegea wala kuchanika. Chujio la mafuta lilikuwa safi. Akarudisha waya. Fundi akapanda kujaribu, akasukuma mpini, na visu vikaimba!

"Imepona!" akapiga kelele.

Akashuka, Mama Trekta akapanda. Puu.

"Lo!" Fundi alishika kiuno. "Kumbe hata chuma kinajua mwanamume ni nani."

Hapo kicheko cha Mama Trekta kilikatika.

"Panda tena," akamwambia. Fundi akapanda, visu vikazunguka. Akapanda yeye, puu. Akampandisha na kumshusha mara nne, mpaka jasho likamtiririka shingoni.

"Mama, unanifanya chura?"

"Nyamaza, nafikiri. Una kilo ngapi?"

"Mia na kumi. Unataka kunibeba?"

"Mimi hamsini na moja, tena na buti!"

Alikimbilia stoo, akarudi amekumbatia mfuko wa mbolea wa kilo ishirini na tano, akajitupa nao kitini na kuupakata. Akasukuma mpini. Visu vikazunguka, vikazunguka, havikukoma! Mama Trekta akaupiga mfuko busu.

"Inadhani sipo!" alipaza sauti. "Fundi, inadhani hakuna mtu!"

Chini ya kiti kulikuwa na swichi. Mtu akikaa, kiti kinadidimia na kuibonyeza. Asipokuwepo, visu vikiwashwa injini inazima, ili aliyeanguka asikatwe. Ofisi nzima iliwahi kudhani hayupo, sembuse mashine. Ila mashine haikuwa na ubaya. Mwenye makosa alikuwa mume wake, fundi makochi, ambaye kwa kuuhurumia mgongo wa mkewe alikichukua kiti Jumapili na kukishona upya: sponji ngumu, ubao chini yake, vifungo vya shaba mgongoni. Kilikuwa kigumu kama benchi la kanisani. Kilididimia kwa mtu mzito tu.

"Rahisi," Fundi alisema, koleo mkononi. "Nakata waya mbili, naziunganisha, swichi inasahaulika."

"Na nikiteleza pale mteremkoni, nani atavizuia visu? Wewe na kilo zako? Weka koleo chini."

Akampigia mumewe. Alifika kwa baiskeli, makasi yakining'inia shingoni, uso umemwiva.

"Kiti changu kina kasoro gani?"

"Hakina, mume wangu. Ni kochi la waziri. Ila mimi si waziri, mimi mwepesi."

Alikifumua akiguna kila uzi ulipokatika. Ubao ukatoka. Sponji ngumu ikatoka, laini ikaingia.

"Vifungo navyo?" akauliza kwa unyonge.

"Thubutu! Hivyo nakaa navyo."

Saa tano kasoro dakika kumi, Mama Trekta alikaa. Kiti kikadidimia kidogo, na kitu kikasema tik chini yake. Akasukuma mpini. Visu vikaimba kwa kilo hamsini na moja, wala mfuko wa mbolea haukuwepo! Mume akamkumbatia Fundi, Fundi akamnyanyua mume juu, makasi na vyote.

Bwana Utawala alifika mbio. Mstari wa kwanza ulikuwa umeshanyooka mpaka golini.

"Hongera, Fundi! Umeiweza?"

"Mimi?" Fundi alijifuta jasho. "Mimi nilikuwa mzigo wa kupimia tu. Fundi ni yule pale."

Yule pale alikuwa anarudi, majani mabichi yakiruka ubavuni, anacheka kwa sauti yake yote. Bwana Utawala alisogea kati ya uwanja, akainua mkono amsimamishe, pengine ampe pongezi, pengine maagizo. Mama Trekta hakusikia neno. Aliona tu kwamba amesimama juu ya nyasi ambazo hazijakatwa. Akasimamisha visu, akampungia mkono apishe.

Bwana Utawala akapisha.