King'ora Kilichozimwa Siku ya Ijumaa

Wewe mwenye gari, umepata kuisoma bima yako, au unailipia tu na kubandika stika kiooni?

Ami Sefu, ndugu wa baba yangu, hakuisoma yake. Alizaliwa Munje, akasugua masufuria katika majiko ya hoteli za Diani mpaka akanunua Nissan nyeupe iliyokwishatumika, akaifanya teksi. Vurugu za mwaka wa tisini na saba zilipowafukuza watalii, wenzake wengi waliuza magari yao. Yeye alishikilia lake. Watoto wake walikula kwa gari lile, na mimi lilinisomesha chuoni.

Bima alikatiwa na Bwana Kheri, wakala mwenye ofisi hapa Ukunda. "Tia king'ora cha wizi, Sefu," alimwambia. "Kampuni itakupunguzia malipo." Ami akakitia. Masharti yaliyofuatana na punguzo hilo Kheri hakuyataja.

Sasa, sisi tuna desturi yetu. Ijumaa uwanja wa msikiti husongamana magari, moja nyuma ya jingine, na mwenye haraka baada ya swala hulazimika kuyasukuma ya wenzake ndipo atoke. Kwa hiyo kila mtu huacha gia huru, havuti breki ya mkono, na huzima king'ora. Usipokizima, gari likitikiswa kidogo tu litapiga mayowe watu wamo kwenye sijida, na wewe utasemwa wiki nzima. Kheri naye hufanya hivyo hivyo.

Ijumaa moja ya mwaka wa tisini na nane, Ami alitoka msikitini. Wengine huibiwa viatu. Yeye viatu alivikuta, gari hakuliona. Polisi walisema labda limeshavuka mpaka wa Lunga Lunga kuingia Tanzania. Kampuni ikakataa kulipa.

Nilifuatana naye ofisini kwa Kheri.

"Shikamoo," nilisema, shingo upande.

"Marahaba, msomi. Haya, msomee ami yako." Akanisukumia mkataba, Kiingereza kitupu.

Nikamfasiria Ami: kila gari linapoachwa bila mtu ndani, king'ora kiwe kinafanya kazi na kiwe kimewashwa. La sivyo, hakuna fidia ya wizi.

"Kumbe si kukitia tu?" Ami aliuliza.

"Kukitia kulikupunguzia malipo," Kheri alijibu. "Fidia ni mpaka uwe umekiwasha."

"Na nani aliyewaambia kwamba nilikizima?"

Kheri akakuna ndevu. "Waliniuliza, Sefu. Mimi siwezi kusema uongo. Nilikuwa nimeegesha nyuma yako, nikakuona."

"Na cha kwako ulikiwasha?" nilidakia.

"Langu halikuibwa, kijana."

Sharti lenyewe sina ugomvi nalo: king'ora kilichozimwa hakimzuii mwizi, na kampuni ina haki ya kusema hivyo. Lakini lisemwe mapema, kwa lugha ya mlipaji! Mtu huyu alijua sharti, akajua kila Ijumaa tunalivunja, akapokea fedha zetu huku amefunga mdomo. Ukweli ulimjia siku ya kumwangamiza mwenziwe tu. Na huyo ndiye tunayempisha safu ya mbele msikitini!

"Ami, twende kwa wakili," nilimwambia tulipotoka nje.

"Wakili atabadilisha nini, mwanangu? Si kweli nilikizima?"

"Na Kheri je?"

Akashika njia ya nyumbani.

Kesho yake asubuhi nilimkuta kwenye stendi ya teksi nje ya hoteli, suruali ameikunja magotini, akiosha gari la dereva mwenzake, Menza, kwa ujira. Kheri akatokea, kanzu imepigwa pasi, akasimama karibu na ndoo.

"Assalamu alaykum, Sefu," alisema kwa sauti, kila mtu asikie.

Madereva waligeuka kutazama. Ami aliinua kichwa, akamtazama usoni. Kisha akakamua kitambaa, akainama, akaendelea na tairi. Hakuitika.