Riboni za harusi yangu msibani

Ndiyo maana leo sijajibu pongezi zenu, wapenzi wangu.

Baba Neema, jirani wa wazazi wangu Kimandolu, ameuawa na majambazi dukani kwake. Asubuhi tumetoka kwetu Olasiti na mume wangu (bado naona raha kuandika "mume wangu"!) tukakuta mtaa mzima uko nyumbani kwa marehemu, na kuni, ndizi na masufuria.

Turubai la mtaa ni lile lile, la harusi na la msiba.

Na riboni zangu za pinki bado zimefungwa kwenye nguzo zake!

Aibu iliyonishika! Mume wangu akapanda kiti azikate.

Mama Neema akaita kutoka kwenye mkeka: "Bwana harusi, shuka! Hizo kafunga Baba Neema. Nilimwambia, wewe, unapamba au unafunga ng'ombe?"

Mafundo makubwa kweli. Akina mama wakacheka, kisha kilio kikaanza upya.

Tangu hapo sijauachia mkono wa mume wangu.

Mama Neema anaogopa siku watu watakapotawanyika. Nyinyi mliocheza chini ya turubai lile, mtaenda kumwona?

Sisi tumemwahidi: kabla mwezi huu haujaisha tutarudi, turubai likiwa limeshaondolewa.