Tairi za Tope na Masikio ya Mzee Taratibu

Mzee Taratibu aliziomba tairi zile kwa barua nne, na mimi ndiye niliyeziandika zote, kwa sababu mwandiko wake hausomeki hata na yeye mwenyewe. Kwa hiyo nasema mapema: lawama za kisa hiki zina wenyewe wawili, na mmoja ni mimi.

Alikuwa dereva wa gari la wagonjwa katika kituo chetu cha afya. Mimi ni muuguzi, nakaa nyuma na mgonjwa. Kutoka kituoni hadi hospitali kubwa ni kilomita arobaini na sita: sita za mwanzo ni udongo mwekundu unaogeuka uji mvua ikinyesha, arobaini zinazobaki ni lami tupu. Hesabu hiyo tuliijua sote, na siku ya kuandika barua hakuna aliyeikumbuka.

Tulichokumbuka ni siku tuliyokwama kwenye zile sita. Mama mwenye uchungu alijifungulia garini, huku Mzee yuko nje, tope limemfika magotini, anasukuma matawi chini ya magurudumu. Mtoto alitoka salama, sauti yake inashinda king'ora chetu. Lakini Mzee aliona aibu ile ni yake. Miaka mitatu aliomba tairi za tope, na miaka mitatu alijibiwa kwamba ombi linafanyiwa kazi.

Zilipokuja, kituo kizima tulitoka kuzitazama. Zilikuwa kubwa kuliko za zamani, zina meno manene kama matofali, na katikati ya meno mapengo ambayo ngumi inaingia. Mzee alizizunguka huku anachekacheka kama bwana harusi.

"Hizi sasa, hata ukuta zinapanda," akasema.

Na topeni zilifanya kweli. Tulipita pale tulipokwama bila hata kupunguza gia. Mwenye trekta aliyezoea kutuvuta kwa malipo alitutazama tu, mdomo wazi.

Baada ya miezi miwili, mitatu hivi, Mzee akaanza kusikia mvumo. Vuuuu, mzito, unaopanda kadiri mwendo unavyopanda. Akadhani beringi ya gurudumu imekufa, akalipeleka gari kwa fundi. Fundi akaliinua kwa jeki, akalizungusha gurudumu kwa mkono: kimya. Akaliendesha kidogo kwenye uwanja wa gereji, ambao ni vumbi tupu: kimya.

"Gari zima hili, Mzee," fundi akasema. "Labda ni masikio."

Fundi alikuwa anatania. Mzee akaupokea utani ule kama majibu ya maabara. Na kweli, hata akishuka garini baada ya safari, kichwa kiliendelea kumvuma hadi chakula kinaisha.

Kuanzia hapo kila kitu kilimchanganya. Kwenye lami usukani ulikuwa unatangatanga, akaishuku mikono yake. Mshale wa mwendo ulisema themanini lakini nguzo za umeme zilimpita mbio kuliko themanini anayoijua, akayashuku macho. Breki zilichelewa, akaushuku mguu. Tairi hakuzishuku hata kidogo. Utamshukuje mgeni uliyemwita mwenyewe kwa barua nne?

Pale mapokezi kwetu tumeandika kwa rangi nyekundu: Mficha maradhi, kifo humuumbua. Mzee alipita mbele ya maandishi yale kila asubuhi, na bado alificha. Aliogopa kunyang'anywa usukani, na usukani ndio uliokuwa maisha yake. Miaka thelathini barabarani hajawahi kugonga hata kuku.

Utaniuliza: na wewe uliyekaa nyuma, hukusikia? Nilisikia sana! Nilikuwa napayuka ili mgonjwa anisikie. Nilidhani gari lenye tairi kubwa ndivyo linavyolia, na dereva anajua. Niliona anakaza macho, namwambia neno anajibu "Eti?" mara tatu, nikasema moyoni: maskini, Mzee wetu kazeeka. Nikamhurumia, na kumwuliza sikumwuliza. Mpaka leo nakereka nikikumbuka.

Kisha ikaja siku ya mvua. Tulikuwa lami, karibu na kivuko cha waenda kwa miguu mbele ya hospitali. Mzee alikanyaga breki palepale anapoikanyaga siku zote, na gari likaendelea. Likateleza taratibu kama lisilo na mwenyewe, likasimama pua ikiwa ndani ya mistari myeupe. Bibi mmoja mwenye mwavuli alilipiga boneti kwa kiganja.

"Baba, huoni?" akauliza.

Alimwuliza kwa upole, na nadhani upole ule ndio uliomuumiza zaidi. Kesho yake Mzee akaniomba barua ya tano.

Aliisema neno kwa neno, nami nikaandika: masikio, macho, mikono na mguu havimtoshi tena, anaomba apumzishwe kabla hajaua mtu. Ilikuwa imebaki miezi mitano astaafu. Daktari mkuu aliisoma, akashusha pumzi, akasema, "Afadhali amejitambua." Na mimi nikatikisa kichwa kukubali! Tukamfanyia sherehe fupi yenye soda, akaenda zake nyumbani.

Dereva mpya alikuwa mama wa watoto wawili, ana miaka thelathini na minne, ametoka kuendesha basi la shule. Mwanamke mchangamfu, ana macho ya mwewe. Wiki ya sita akaniingilia chumba cha sindano, akafunga mlango.

"Dada, naomba unichungulie masikio. Na tafadhali usimwambie mtu."

"Yana nini?"

"Yanavuma. Na sio masikio tu. Kwenye lami mikono inanitetema, na juzi mvua iliponyesha nilichelewa breki, mimi! Dada, nitaficha nini, naogopa watanifukuza hata mshahara wa pili sijauona."

Nilimchungulia. Masikio safi kabisa. Nikalikalia lile benchi la wagonjwa. Watu wawili, mmoja anakaribia sitini na mwingine bado mbichi, na ugonjwa mmoja. Mbona hainiingii akilini? Kisha ikaniingia yote kwa mpigo, nikaona aibu hadi kwenye kucha.

Mchana uleule tulikwenda kwa muuza tairi. Dereva akamwuliza swali ambalo hata mimi lilinitatiza: "Kinachoshika tope, kitashindwaje kushika lami?"

"Jogoo wa shamba hawiki mjini," akajibu. Akakiweka kiganja chote juu ya meza. "Tairi ya kawaida inagusa lami hivi." Akakiinua, akaacha ncha za vidole tu. "Yako inagusa hivi. Topeni vidole vinachimba, vinakupeleka. Kwenye lami iliyolowa vinateleza. Meno marefu yanayumba, ndiyo mikono yako hiyo. Hewa inanaswa kwenye mapengo, inalia, na meno yakianza kulika inalia zaidi. Halafu hizi ni kubwa kuliko za zamani, kwa hiyo mshale ukisema themanini wewe umeshapita themanini na tano. Mafuta nayo zinakunywa. Nani aliziagiza kwa gari linaloshinda lami?"

Nikavitazama viatu vyangu.

Akatuonyesha aina ya katikati, yenye meno mafupi yaliyokaribiana. "Hizi topeni hazitakuwa simba. Tope likizidi mtabeba minyororo ya kufunga magurudumuni, na koleo. Tairi ya kukupa yote haijatengenezwa, lazima mchague mtakachokikosa."

Daktari mkuu alikuna kichwa kwa siku tatu, akakubali. Akakubali pia Mzee arudi kumalizia miezi yake, wapokezane zamu na yule dada. Nikatumwa mimi kumwambia, kama ilivyostahili.

Nilimkuta kakaa sebuleni. Mkewe aliniambia siku hizi hata chai hajimiminii, anadai mikono imekufa. Nikamweleza yote. Alinisikiliza kama anayesomewa lugha ya kigeni.

"Yaani mguu haukuwa mguu?"

"Zilikuwa tairi, Mzee."

"Na macho?"

"Tairi."

"Huo mvumo, na wewe ulikuwa unausikia?"

"Nilikuwa nausikia."

"Siku zote?"

"Siku zote."

Hakunigombeza. Afadhali angenigombeza. Akasema, "Sasa mimi nitajuaje kipi ni changu na kipi ni cha gari?"

Tairi mpya zilipofungwa, tulitoka naye na gari tupu, mimi mbele safari hii. Alishika usukani kama wa kuazima. Tulipoingia lami alianza maswali.

"Huo mlio wa chini, umeusikia?"

"Nimeusikia. Ni tairi, mvumo mdogo tu."

"Na huo?"

"Huo ni mlango wangu."

Tukaenda hivyo kilomita kumi, mtu anayehoji na mtu anayejibu. Kisha akainamisha kichwa upande.

"Na huo? Ka, ka, ka. Mbele, kulia."

Nilisikiliza kwa nguvu zangu zote. Sikusikia kitu. Ulimi wangu ulikuwa tayari kumwambia ndiyo, nimfurahishe, kisha nikakumbuka huruma yangu ilimfikisha wapi.

"Huo sijausikia, Mzee."

Uso ukamshuka. Akawasha taa ya pembeni, akasimamisha gari kando, akakaa akiutazama usukani. Nikadhani atanikabidhi ufunguo. Akashuka. Akapiga goti mbele ya gurudumu la kulia, akapapasa meno ya tairi moja baada ya jingine, kisha akaingiza ncha ya ufunguo na kukoroga. Akarudi na kijiwe kisichozidi punje ya hindi, akakiweka kiganjani mwangu.

"Haya, muuguzi," akasema. "Sasa twende tukapime masikio yako."