Kidonge cha Palle na Chupa ya Baba Yake

Ni alfajiri ya Jumatatu ya Pasaka na Thy yote, huku kaskazini-magharibi mwa Denmark, imelala, isipokuwa ng'ombe na watu wa ng'ombe. Lori la maziwa linaingia polepole uani kwa Gudrun Bisgaard. Palle Odgaard anazima injini, anakaa kidogo na mikono juu ya usukani, kisha anashuka kama mtu anayeshuka kitandani. Upepo wa bahari unamkuta palepale. Anavuta bomba la mpira hadi kwenye tangi la maziwa, anachukua sampuli, anafungua koki, na pampu inaanza kunguruma.

Gudrun anatoka bandani na buti zake za mpira. Ni mama wa miaka sitini na ushee, na maneno yake ni machache kama ya watu wote wa huku.

"Vipi leo?"

"Si mbaya."

"Si mbaya kweli, au si mbaya ya watu wa Thy?"

"Si mbaya kweli," anajibu Palle.

Swali lake si la utani. Huku mtu husema "si mbaya" amepata mjukuu, na husema "si mbaya" paa limeng'olewa na dhoruba. Palle mwenyewe aliisema majira yote ya baridi ya mwaka juzi, huku akilia peke yake ndani ya lori hili.

Maziwa yakiendelea kuvutwa, anafungua termosi, anamimina kahawa, na kutoka mfuko wa shati anatoa kidonge kimoja. Anakimeza mbele ya Gudrun, hadharani. Ni dawa ya sonona, na kila asubuhi anaimeza hapahapa.

"Nikimeza nyumbani, nikifika barabarani nimeshasahau kama nimemeza," anasema. "Hapa Gudrun ananiona. Siku nikikisahau nyumbani, kesho yake simezi viwili ili kufidia. Daktari alinikataza, na mimi safari hii namsikiliza."

Hiyo "safari hii" ndiyo iliyomleta mwandishi kwenye lori lake.

Palle ana miaka hamsini na minne, na nusu ya maisha yake ameyamaliza akikusanya maziwa kati ya bahari na ghuba ya Limfjord. Ana mke, Dorrit, mpishi wa shule ya chekechea, na binti mkubwa anayejitegemea. Hana deni la kumkosesha usingizi wala ugomvi na mtu. Ndiyo maana sonona ilipomshika aliona aibu.

"Ningekuwa nimefiwa, ningeelewa," anasema tukiwa tumeshatoka kwa Gudrun, macho barabarani. "Sikuwa na sababu. Hilo ndilo lililonichosha. Nilikuwa naamka nimechoka, nalala nimechoka. Nikifika kwa mfugaji nakaa kwenye lori nikitafuta nguvu ya kufungua mlango. Mlango tu."

Dorrit ndiye aliyemtia kwenye gari na kumpeleka kwa daktari. Alikuwa amemkuta jikoni asubuhi, amesimama na soksi moja mkononi, hajui aanze na mguu gani.

Daktari, mama mmoja mtaratibu aitwaye Vibeke, alimwandikia vidonge na kumweleza kila kitu. Kwamba majuma ya mwanzo anaweza kujisikia vibaya kuliko mwanzo, asikate tamaa. Kwamba mawazo ya kujidhuru yakimjia apige simu hapohapo, asisubiri kuche. Kwamba kichwa kikizunguka asiguse usukani. Kisha akamuuliza: kuna kitu kingine chochote anachotumia? Dawa nyingine, mitishamba, chochote cha kienyeji?

"Hakuna," alijibu Palle.

Alikuwa anasema uongo, na hakujua kwamba anasema uongo.

Ukitembea kwenye vilima vya mchanga vya pwani hii katikati ya kiangazi, utaona maua madogo ya manjano yanayoitwa perikon. Ukiyaminya machipukizi yake kwa vidole, vidole vinageuka vyekundu. Wazee huyachuma karibu na sikukuu ya Sankt Hans, siku ya kuwasha mioto, na kuyaloweka kwenye pombe kali hadi chupa iive rangi ya divai. Hiyo ndiyo snapsi ya nyumbani. Kila familia ina yake, na kila mzee ataapa kwamba ya jirani ni maji ya kuoshea vyombo.

Baba yake Palle, Kresten Odgaard, mwashi mstaafu wa miaka themanini na moja, anatengeneza iliyo kali kuliko zote. Ni mjane, anaishi peke yake. Siku chache kabla ya Palle kwenda kwa daktari, aliposikia kwa Dorrit kwamba mwanawe "hayuko sawa", hakuuliza hayuko sawa vipi. Alikuja na baiskeli, akaweka chupa mbili mlangoni, akaondoka bila kugonga.

Palle alipoziona alifurahi, kwani ilikuwa mara ya kwanza baba yake kuujali ugonjwa wake wowote. Akawa anakunywa kijiglasi kila jioni baada ya kazi. Baadaye viwili. Na dawa ya daktari ilipoanza, asubuhi akawa anameza kidonge chake kama alivyoagizwa.

Kwa nini hakumwambia daktari? Lori linapita kanisa, linapita kinu cha upepo.

"Aliniuliza kuhusu mitishamba," anasema hatimaye. "Ile kwangu haikuwa mitishamba. Ile ilikuwa baba."

Jumapili moja mchana, Dorrit alimkuta sebuleni akitetemeka, jasho linamchuruzika na madirisha yako wazi. Miguu ilikuwa inamrukaruka yenyewe. Moyo ulimwenda mbio, na alipomuuliza leo siku gani, akamtajia jina la ng'ombe.

"Nilidhani namzika," Dorrit anasema kwa simu, tulipompigia tukiwa njiani. "Nilipiga simu ya dharura huku nimemkalia miguu ili asianguke. Hebu waza, mtu mzima mwenye kilo tisini."

Hospitalini walimuuliza Dorrit mumewe anakula nini, anakunywa nini. Alikumbuka chupa. Jirani akaileta. Daktari wa zamu akaifungua, akanusa, akaiinua kwenye taa na kutikisa kichwa. Akamweleza kwamba ua lile linafanya mwilini kazi ileile inayofanywa na vidonge, na viwili hivyo vikikutana mwili unazidiwa. Wapo wanaokufa.

Palle hakufa. Walimsimamishia dawa hadi mwili ukatulia, wakamlaza, wakamrudisha nyumbani mweupe kama karatasi. Baadaye Vibeke akamwanzishia upya, kidogo kidogo, akimpima. Majani ya kwanza yalipochipua alikuwa anafungua mlango wa lori bila kuutafakari.

Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Lakini Palle alikuwa bado na jambo moja amelificha, na hilo lilimsumbua kuliko miguu ile iliyorukaruka. Mzee Kresten aliambiwa kwamba kilichomlaza mwanawe ni moyo.

"Ningemwambiaje?" anauliza. "Mtu wa miaka themanini anaendesha baiskeli kwenye upepo ule kukuletea dawa. Unamwambia baba, dawa yako nusura iniue?"

Na kuna desturi. Huku hamwendi tu kubugia snapsi. Mnainua glasi, mnatazamana machoni, mnasema skål, mnakunywa, mnatazamana tena, ndipo glasi inarudi mezani. Asiyetazama hana adabu. Kresten alizoea kuongea na ukuta anaoujenga, si na watu. Mwanawe amemtazama machoni mezani tu, glasi ikiwa juu.

"Macho yake ni ya kijivu," anasema Palle. "Nayajua kwa sababu ya snapsi. Nikikataa ile glasi, nakataa nini? Unaelewa?"

Kwa hiyo akawa anakwepa. Krismasi walikula kwa mzee, Palle akasema anaendesha gari, na dereva hanywi, hilo halina mjadala. Siku ya kuzaliwa kwa mzee, akasema anaendesha. Chupa ziliendelea kufika mlangoni naye aliendelea kuzipanga gereji, nyuma ya matairi ya baridi, bila kuzifungua. Kila akipita pale anageuza uso.

"Nilimwambia, Palle, siku moja hizo chupa zitakuangukia," anasema Dorrit. "Akaniambia zimepangwa vizuri. Wanaume wa ukoo huu, Mungu anisaidie."

Ijumaa Kuu, siku tatu zilizopita, mzee alikuja kula kwao. Meza ilikuwa na samaki wa siki, mkate mweusi, mayai. Hapo hapakuwa na gari la kusingizia. Kresten alitoa chupa mpya kwenye mfuko wa koti, akamimina yake, akanyoosha mkono kumimina ya mwanawe. Palle akafunika glasi kwa kiganja.

"Unaendesha?" aliuliza mzee.

"Siendeshi, baba. Niko kwangu."

"Basi toa mkono."

"Siwezi kunywa hii. Nameza vidonge vya sonona, na hii haipatani navyo. Ile mara niliyolazwa haukuwa moyo."

Mzee aliweka chupa chini. Akakata kipande cha samaki, akakiweka juu ya mkate, akakila chote. Dorrit anasema hajawahi kumwona mtu akila samaki polepole vile.

"Kwa hiyo ni mimi niliyekulaza hospitali," Kresten akasema.

"Si wewe. Daktari aliniuliza, mimi nikanyamaza."

"Nani alikufundisha kunyamaza?"

Mzee aliinua kijiglasi chake, akakiangalia, hakukinywa.

"Ulidhani mimi nakunywa hii kwa utamu?" aliuliza. "Hebu ionje. Chungu kama nyongo. Nilikuwa na umri kama wako. Asubuhi nasimama mbele ya tofali siwezi kuliinua. Tofali! Baba yangu akaniletea chupa, akaiweka juu ya ukuta niliokuwa naujenga. Hakusema ya nini. Na mimi niliposikia kwamba hauko sawa, nikajua ni lile lile. Nikafanya nilivyofanyiwa."

Palle anasimulia haya akiwa ameegesha lori kando ya barabara, kwa sababu hawezi kuendesha na kuyasema kwa pamoja. Miaka yote hiyo, anasema, walikuwa watu watatu, babu, baba na yeye, kila mmoja amebeba mzigo uleule na kuuita jina la chupa. Anajifuta uso kwa mkono wa koti na haoni haya.

Halafu pale mezani kikamjia kitu kingine. Baba yake anameza dawa ya kuzuia damu kuganda tangu mwaka jana. Hospitalini walimwambia ua hilo halipatani na dawa nyingi, na walizitaja hizo za damu.

"Baba, hizo dawa zako za damu. Daktari anajua kuhusu chupa?"

"Hajauliza."

"Na akiuliza?"

Mzee akaisogeza chupa pembeni. Kisha akasema, "Ningemwambia hakuna."

Palle alipiga simu kwa daktari wa zamu palepale, samaki bado mezani. Akaambiwa mzee asiongeze wala asiache chochote kwa akili yake mwenyewe, maana hata kuiacha snapsi ghafla kunaivuruga dawa ile ya damu. Akaelezwa ni dalili zipi zikitokea wapige simu bila kungoja. Na Jumanne ofisi zikifunguliwa tu aende kupimwa damu, aende na chupa yenyewe mkononi. Mzee alisikiliza yote. Hawakuambiana skål siku hiyo. Wakati wa kuondoka, Kresten alivaa koti, akafunga vifungo, akasimama mlangoni na kumtazama mwanawe, mikono mitupu, kwa muda mrefu hadi Dorrit akalazimika kwenda kujifanya anaosha vyombo.

Palle haahidi kwamba amepona. Bado zipo siku anazochoka kabla ya jua, na leo ni mojawapo. Msimu uliopita, alipojisikia nafuu, alitaka kuviacha vidonge kwa mkupuo mmoja. Vibeke akamwambia mtu hashuki ngazi kwa kuruka, watashuka pamoja, kidato kwa kidato, wakati ukifika. "Siku moja nitaacha," anasema. "Ila sitaacha peke yangu."

Anataka jina lake liandikwe kamili. Na la mzee?

"Nimemuuliza. Amesema andika, mradi usilikosee."

Kwa mfugaji wa mwisho, lori limejaa. Anarudisha bomba mahali pake, anapiga muhuri wa mwisho, anapanda. Kabla ya kuwasha injini anasema kwamba jana usiku baba yake alipiga simu, na baba yake huwa hapigi simu.

"Aliniuliza Jumanne nakuja wakati gani kumpeleka kupimwa. Nikamwambia asubuhi, nikimaliza maziwa. Halafu akasema, 'Utanikuta nimeshavaa viatu.'"