Kavugho na Neno Utulivu

Kavugho alianza kwa kusoma matangazo katika kanisa la Waprotestanti la Kasugho, ambako sauti yake ilisikika mpaka nje bila kipaza sauti. Sauti hiyo ndiyo iliyompeleka mjini Beni, kwenye redio ndogo ya mtaa ambayo kuta za studio yake zimefunikwa kwa magodoro. Kwa miaka mingi sasa yeye ndiye husoma habari za Kiswahili asubuhi, na sokoni akiuliza tu bei ya sombe, yale majani ya muhogo, wauzaji humtambua.

Wasichojua ni kwamba kuna neno moja linalomtia woga, neno utulivu.

Zamani alilisoma kama maneno mengine. Aliyemwamsha ni Edmond, mwenzake wa habari za Kifaransa. Edmond alipokuwa chuoni Butembo aliandika kazi yake ya mwisho juu ya magazeti ya wakoloni, yale ya miaka iliyokuwa kati ya vita viwili vikubwa vya dunia, akifuata neno hilo moja tu, ukurasa kwa ukurasa. Siku moja wakinywa chai alimsimulia Kavugho alichokikuta. Kijiji kilichokuwa kikilima na kuozesha mabinti zake hakikuandikwa kuwa na utulivu. Neno lilitokea pale askari walipokwisha kupita, nyumba zimechomwa, watu wamekimbilia msituni. Na mwandishi hakusema uongo, maana kijiji kisicho na watu hakina kelele. Kavugho aliiacha chai yake ikapoa.

Kisha waasi wakashambulia mashamba ya kijiji cha Mbau. Mdogo wake Julie na mumewe Muyisa walikimbilia kwake Beni na watoto, wakiacha kakao imeiva mitini. Kila asubuhi Julie alikaa karibu na redio, akingoja kusikia kwamba anaweza kurudi.

Asubuhi moja likaja tangazo kutoka ofisi moja ya serikali: utulivu umerudi Mbau, wananchi warudie mashamba yao. Kavugho aliuliza nani amefika huko. Hakuna aliyejua. Mkurugenzi wa redio, ambaye naye alikuwa akiogopa, alimwomba alisome kama lilivyo.

Taa nyekundu ikawaka. Kavugho akasoma, "Ofisi inasema utulivu umerudi Mbau." Kisha akaongeza, "Sisi wa redio hatujafika Mbau, na hatujapata mtu aliyetoka huko." Akaendelea na matangazo ya vifo.

Hajatoka studio simu ikalia, namba imefichwa. Mwanaume aliongea kwa adabu.

"Mama Kavugho, umesoma muzuri. Mais ile maneno ya mwisho, nani alikutuma?"

Mwanaume akamtajia barabara anayokaa na rangi ya mlango wake, kisha akakata. Siku hiyo Kavugho alirudi nyumbani kwa njia ya kuzunguka, na kila pikipiki iliyopunguza mwendo nyuma yake ilimfanya ajibanze ukutani.

Nyumbani alimkuta Julie amekasirika. Majirani wenye mashamba Mbau walikuwa wakifunga magunia ili waende huko, na kakao yake ilikuwa ikiibwa.

"Yaya, dada yangu, niambie weye mwenyewe. Kuko utulivu ao hakuna?"

"Sijue, Julie."

"Donc tubakie hapa mpaka wakati gani?"

"Sijue. Bakubwa banaogopa mutu aulize, na miye pia naogopa."

Julie alilia kwa hasira, lakini hakwenda. Waliotangulia wakarudi na kakao wakicheka, na Kavugho akaona aibu, akaanza kuamini kwamba ni woga wake tu uliosema redioni. Kundi lililofuata likavamiwa njiani. Mathe, jirani aliyeimba naye kwaya, alikuwa ndani yake, na mpaka leo hajaonekana.

Julie alichukua nguo za dada yake, akazifua, akazianika.

Simu za yule mwanaume ziliendelea, na mwishowe mkurugenzi akampa Kavugho ruhusa ya kuondoka, naye akaenda kujificha Butembo kwa shangazi yake. Huko mlango ukigongwa alikimbilia chumba cha nyuma. Julie na Muyisa walimfuata, wakakodi shamba la viazi, na kakao ya Mbau wakaiachia aliyeivuna.

Baada ya miezi Kavugho alirudi Beni. Hakuna aliyemlazimisha, ila alichoka kusikia redioni mtu mwingine akisoma lile neno tupu, bila jina la aliyelisema. Yule mwanaume hajapiga tena. Kavugho bado hubadilisha njia kila siku, na kabla ya habari Edmond humletea kikombe cha maji. Kisha anasoma.