Mbuzi wa Mama Suzanne katika Soko la Baraka

Constance alipotiwa bahasha mkononi alibaki amesimama palepale, hata watu waliokuwa nyuma yake kwenye mstari wakaanza kunung'unika. Alikuwa akingoja masharti. Tangu akimbilie Baraka, mji wa Kongo kando ya Ziwa Tanganyika, na mume wake Darius na watoto wao, kila msaada ulikuja na maelezo: unga huu ni wa kula, sabuni hii ni ya kufulia, msiuze. Safari hii dada wa shirika la misaada aliyegawa bahasha, aliyeitwa Gentille, hakueleza lolote.

"Ninunue nini nayo?" Constance akauliza.

"Kile munaona kitasaidia nyumba yenu, mama. Ni pesa yenu."

"Na mukikuja kuangalia?"

"Tutakuja kuwasalimia."

Katika chumba walichokodi, Darius alitaka wanunue nyavu, kwa sababu ziwa liko mlangoni. Constance akakataa. "Miye sijue samaki," alisema. "Miye najua mbuzi."

Aliwajua kweli. Walitoka kijiji kidogo cha milimani, mwendo wa siku nzima kwa miguu kutoka mji mdogo wa Kilembwe, na huko mama yake, Suzanne, alikuwa amemsomesha kwa mbuzi. Kisha mwaka wa 2017 vita vikarudi. Asubuhi moja risasi zililia upande wa mto. Constance, Darius na watoto walikuwa shambani. Wakateremka mlima wakikimbia na majembe yao. Suzanne alikuwa nyumbani peke yake. Baadaye jirani mmoja aliyefika Baraka akawaambia: nyumba yenu iliungua, ndani tulikuta maiti ya mama mzee, tukaizika nyuma ya jiko haraka haraka tukakimbia. Njia ya kwenda juu ilikuwa mikononi mwa watu wenye bunduki. Walimlilia Suzanne katika chumba kile cha kukodi, na watu waliokuja kwenye matanga walipewa chai tu.

Basi Constance alikwenda sokoni kutafuta mbuzi jike wawili au watatu. Alimkuta mchuuzi wa mbuzi aitwaye Ramazani, mtu mrefu mwenye kofia nyeupe, na wanyama wake wamefungwa kwenye miti. Akaanza kuwapapasa mmoja mmoja, anaangalia meno, anaangalia kiwele. Alipofika kwa mbuzi mmoja wa rangi ya kahawia, mkono wake ukasimama.

Sikio la kushoto lilikuwa na kovu refu lenye alama za kushonwa, kama ngazi ndogo. Mbwa ndiye aliyelipasua sikio lile, na Suzanne ndiye aliyelishona kwa uzi wa nyavu, huku Constance mwenyewe amemshikilia mbuzi miguu.

"Mwizi!" Constance akapiga kelele. "Huyu ni mbuzi ya mama yangu! Mulimuua mama yangu mukabeba mbuzi yake!"

Soko likageuka. Vijana wakamzunguka Ramazani, mmoja akamshika shati. Ramazani hakukimbia.

"Wallahi, sikuiba! Nilinunua ku Kilembwe, ku mama mumoja muzee. Alinipa kamba ku mukono yake mwenyewe. Iko na kidole moja imekatika hivi." Akakunja kidole chake cha mwisho cha mkono wa kulia.

Constance akakitazama kidole kile. Suzanne alikatwa kidole hicho na panga, zamani, wakati wa kufyeka shamba.

"Lini?" Constance akauliza.

"Mwezi jana. Alikuwa analia. Nilimuuliza: mama, kama unamupenda hivi, unamuuzisha juu ya nini? Akasema anatafuta pesa ya matanga. Mutoto wake wa kike alikufa mu maji pamoja na bwana yake na batoto. Boti ilizama, balikuwa banakimbilia Kigoma."

Yule kijana aliyeshika shati la Ramazani akaliachia. Constance alitaka kusema kwamba hajawahi kupanda boti maishani mwake, lakini akakaa chini kwenye samadi. Mbuzi akainama kumnusa kichwa. Mtu akaenda kumwita Darius, na Darius alipofika akaelezwa, akasikiliza, akaomba aelezwe tena.

"Sasa matanga ile ilikuwa ya nani?" akauliza.

"Yenu," Ramazani akajibu. Ndipo na yeye alipoelewa alichokisema, akavua kofia.

Constance alinunua yule mbuzi na majike wengine wawili. Mbuzi wa kahawia Ramazani alimrudishia kwa bei ileile aliyomnunulia, hakutaka faida. Mke wake, Latifa, akawachukua wote watatu uani kwake. "Muende," alisema. "Batakula na bangu."

Constance na Darius wakaondoka kwenda Kilembwe kwa moto, yaani pikipiki za kukodi, Ramazani mbele kwa sababu alijua njia na vizuizi vyake. Njiani Constance alikuwa anaogopa kufika wakute ni mama mwingine mwenye kidole kilichokatika.

Suzanne alikuwa ameketi uani kwa familia moja ya waumini wa kanisa lake iliyompokea Kilembwe, anachambua maharage. Aliwaona wakiingia. Hakukimbia kuwapokea. Alisimama na sinia yake, akarudi nyuma mpaka mgongo ukagusa ukuta.

"Mama, ni miye."

"Usinikaribie."

"Mama, ni Constance. Hatukupanda boti. Tuko Baraka."

Sinia ikaanguka. Suzanne alimsogelea polepole, akamshika uso, mabega, akamshika Darius mkono akaugeuza kama anayenunua kitu. Kisha akampiga binti yake kofi zito, na palepale akamkumbatia, wote wawili wakaanguka juu ya maharage.

"Nimekulilia!" alikuwa anasema. "Niliuzisha mbuzi yangu, nikapikia batu, nikakulilia! Na weye uko na mafuta ku uso!"

Walipotulia, Suzanne alieleza. Asubuhi ile ya risasi alikuwa amempeleka yule mbuzi malishoni. Alisikia milio, akamvuta kamba, wakaingia porini pamoja. Alifika Kilembwe miguu imevimba. Habari ya boti aliletewa na mtu aliyesikia kwa mtu.

"Na nyiye," akauliza, "mbona hamukunitafuta?"

Constance akamtazama Darius. Darius akajibu yeye. "Mama, tulisikia ulizikwa. Balikuta mama muzee ndani ya nyumba."

"Ndani ya nyumba yangu?"

"Ndiyo. Balimuzika nyuma ya jiko."

Suzanne alifunika mdomo kwa mkono wake wenye kidole pungufu.

"Florentine. Usiku ule alilala kwangu. Miguu yake haikuwa inatembea vizuri. Nilimuacha amelala, nikasema nitarudia kumupikia uji."

Florentine alikuwa jirani yao, mjane. Mtoto wake Roger alifanya kazi ya useremala Uvira. Kwa muda wote ule hakuna aliyemlilia Florentine, maana machozi yake alipewa Suzanne.

Walirudi Baraka wote. Mbuzi wa kahawia alizaa, kisha wale wengine wawili nao wakazaa, na Darius akawajengea banda la miti lililoinuliwa juu ya maji ya mvua. Mmoja alikufa kwa kuhara. Beberu wa kwanza aliuzwa, watoto wakarudi shule. Samadi ilikwenda kwenye shamba la mboga walilokodi. Gentille alipokuja kuwasalimia, alimkuta Suzanne bandani, akaambiwa huyu ndiye mama. Gentille akacheka akidhani ni mzaha, maana walikuwa wamemsimulia kuwa alikufa. Kisha akaona hakuna anayecheka naye.

Roger alipigiwa simu, na Suzanne alitaka kusema mwenyewe. Akamweleza habari ya Florentine. Kisha Roger akasema alikuwa amemtengenezea mama yake kitanda cha mbao ngumu ya mti wa libuyu, amekifunika karatasi, anangoja njia ifunguke.

Njia ilipofunguka Constance aliuza mabeberu wengine wawili, akalipa moto za kumpandisha Roger mlimani. Suzanne alikataa kubaki. Ndiye aliyejua jiko lilikuwa wapi, kwa kuwa nyumba haikuwapo tena. Darius alikwenda nao, na huko wakafanya matanga yaliyochelewa, kwa jina la Florentine mwenyewe.

Suzanne aliporudi hakusimulia. Alikula kidogo, akalala. Kulipokucha Constance aliamka akakuta banda liko wazi, akatoka mbio. Mama yake alikuwa chini karibu na maji ya ziwa, mbuzi wote wako naye, anawakatia majani.