Maji ya Beseni Moja

Mkiniambia Mama Filomena alikuwa mbishi, nakubali. Mbishi hasa, tena wa kununa siku tatu. Lakini ndiye aliyenilea tangu mama yangu, mdogo wake, alipofariki, na kwetu Waluguru mtoto wa mdogo wako ni wako. Kwa hiyo nikimsema mimi, msinisaidie.

Mwaka sabini na nne tulishuka kutoka Kinole kuja kijiji kipya cha ujamaa, huku bondeni upande wa Mikese. Milimani maji yalipita nyuma ya nyumba, baridi ya kukata vidole, na nzi ungeweza kuwahesabu. Huku chini kisima kilikuwa kimoja, jua la kupasua kichwa, na nzi walitua machoni mwetu bila hata kupiga hodi.

Mama Filomena alikuja na desturi yake. Asubuhi alijaza beseni moja, akatuita wote sita, mimi na watoto wake watano, akatunawisha uso kwa maji yale yale na kutufuta kwa upindo wa khanga yake. Watu wa tumbo moja hunawa pamoja, alisema. Anayetenga maji yake ana neno moyoni. Kule juu beseni lilimwagwa na kujazwa tena kila mara. Huku ndoo ilitoka mbali, hivyo maji yalingoja mpaka wa mwisho anawe.

Kiangazi cha kwanza tu, macho yangu yakawa mekundu. Nikiamka, kope zimegandana kwa tongo. Mchana kila kitu kilinijia kwa ukungu: watu walipita bila nyuso, mihogo ilielea, Uluguru ikabaki rangi ya bluu inayoyeyukia mbinguni. Sitawadanganya, kulikuwa na raha fulani humo. Nililala kivulini nikisikia mtwangio wa mbali, nikadhani bado niko Kinole. Mama Filomena hakuona raha yoyote. Alikaa kando yangu akinipepea, akininyooshea vidole nimwambie ni vingapi. Nikikosea, alivinyoosha tena, karibu zaidi.

Akaja Mwanaheri, muuguzi wa kijiji, mtu wa Pangani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba."

Alinigeuza kope, akaguna. "Hivi ni vikope. Mtoto huyu akiachwa hivi atapofuka, na wenzake watafuata. Kila mtu awe na maji yake na kitambaa chake."

"Unataka nitenganishe watoto wangu?"

"Nataka wakuone ukizeeka, mama."

Akanuna siku zake tatu. Ya nne alitoka na makopo sita matupu ya maziwa, kila mtoto na lake, na khanga yake ya harusi ameipasua vipande sita. Akanipaka dawa ya tyubu asubuhi na jioni, bila kuruka hata siku moja. Baada ya wiki kadhaa ukungu ukaondoka. Niliona sisimizi mlangoni, nikawatazama mpaka wakaisha.

Makopo yale tuliyatumia miaka, na sote tukawa wazima. Ila kope za Mama Filomena zikaanza kugeukia ndani na kukwaruza mboni. Alizing'oa kwa kucha, akisema ni moshi wa jikoni. Nilipofika darasa la saba jicho la kushoto lilikuwa jeupe, na la kulia likielekea huko huko.

Asubuhi moja nilisahau daftari, nikarudi. Nikamkuta amechuchumaa nyuma ya nyumba, anapapasa makopo yetu, anamimina mabaki ya yote sita kwenye beseni. Kisha akainama, akanawa uso taratibu.

"Mama mkubwa, unafanya nini?"

"Nanawa na watoto wangu."

"Tangu lini?"

"Tangu ulipokuwa unaumwa."

Nilimfokea. Mimi mtoto, nikamfokea mama yangu mkubwa, huku nalia, kwa hasira ambayo haijanitoka hadi leo. Alinisikiliza mpaka nikachoka.

"Nyinyi mlipona?" akauliza.

"Tulipona."

"Basi."

Akanyoosha mkono anishike shavu, akashika hewa.